Nimekuja Kutembea

Ugali ulikuwa haujaiva. Hilo ndilo watu wa nyumba ile walilolishika na kulisimulia miaka yote iliyofuata, eti niliwapelekea wageni ugali mbichi. Ni kweli. Niliupeleka ndani ya sufuria, moto, mwiko umesimama katikati, nikauweka mezani mbele ya mume wangu na rafiki zake wawili, nikasema, "Malizieni."

Sababu hawaisimulii. Wacha niisimulie mimi.

Mume wangu alikuwa karani Nakuru na alikuwa amekuja nyumbani likizo. Nyumbani ni upande wa Nyakach, mwendo wa kutembea kutoka soko la Katito. Nilikuwa bado kijana, miaka ya themanini ikielekea kuisha, na watoto watatu. Wa mwisho nilikuwa nimemwachisha ziwa juzi juzi, na kila akinishika alinipekua kifuani kama mtu aliyepoteza funguo. Siku hiyo ya wageni nilikuwa nimeteka maji, nimefua, nimemnyonyoa kuku, nimewaogesha wawili na kumkimbiza wa tatu, na sasa nilikuwa nasonga ugali nikiwa na huyo mdogo mgongoni. Jiko letu na sebule vilitenganishwa na ukuta usiofika juu. Nikamsikia mgeni mmoja, mtu wa heshima zake, akiuliza tu kwa kupitisha wakati, "Na mama watoto, siku hizi anafanya kazi wapi?"

Mume wangu akacheka kidogo. "Huyo? Hafanyi. Anakaa tu."

Anakaa tu! Tangu jogoo awike makalio yangu hayakuwa yamegusa kitu. Niliinua sufuria, nikapita mlangoni, nikaiweka pale mezani, nikasema nililosema. Halafu nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakatisha baba yake, nikatoka uani, nikachukua kigoda na nikakaa. Nilikaa kwelikweli. Mikono juu ya magoti, macho mbele.

Mama mkwe akatoka nyumbani kwake, upande wa pili wa boma, akaniona. Akaja mbio akijishika kichwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, Mama."

"Sasa mbona umekaa?"

Hapo nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi, na yule mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kucheka na mimi, akacheka pia bila kujua anacheka nini. Ndani tulisikia mwiko ukigonga sufuria. Wanaume watatu wenye vyeti walikuwa wanabishana kama unga umetosha.

Jua likishuka nikamwambia mume wangu, "Kesho naenda Kisumu."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Kuna matanga?"

"Hakuna matanga. Naenda kuuona mji. Nikimaliza kuuona, nitapanda meli mpaka Kendu Bay, kisha nirudi nyumbani kwa barabara."

Akanitazama kama kwamba nimesema naenda mwezini. "Na watoto?"

"Si uko likizo? Utakaa nao tu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Yeye aliniita kwa pahali nilipozaliwa, kama wanavyoita wake wa kwetu wote: msichana wa Usenge. Akasema, "Mwanangu, mwache msichana wa Usenge aende. Na wewe ujue huyu mdogo anaamka na jogoo, na hapendi uji baridi."

Usenge ni ufuo wa wavuvi kando ya ziwa. Nimekulia kati ya omena zilizoanikwa na mitumbwi iliyopinduliwa, na mara moja moja, mbali sana, meli kubwa ilikuwa inapita na moshi wake, na sisi watoto tunaipungia mkono, nayo hata haitujui. Niliolewa Nyakach bila kuikanyaga. Nilizaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kuikanyaga. Pesa ya mayai ilikuwa yangu. Kesho yake nikavaa gauni langu la kanisani, nikabeba begi, nikaondoka, na kama kuna anayengoja nimwambie nililia njiani, asingoje. Niliimba.

Loji niliyoipata ilikuwa nyuma ya maduka ya nguo, ghorofa moja, ngazi za nje. Meneja alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniangalia, akaangalia nyuma yangu, akangoja mtu wa pili atokee.

"Mama, bwana anakuja?"

"Haji."

"Uko na mgonjwa hospitali?"

"Hapana."

"Sasa umekuja kufanya nini Kisumu?"

"Nimekuja kutembea," nikasema, na nikatabasamu meno yote.

Niseme kitu hapa. Kijaluo kina neno tamu sana la mtu anayetembea bila shida yoyote. Ukikutana na mtu njiani akakuuliza unakwenda wapi, na huendi popote, unamjibu *abayo abaya*: natembea tu, roho yangu safi. Ni jibu la heshima. Hakuna anayekuuliza tena. Mimi Kiswahili nilifundishwa darasani, kutoka vitabuni, na kichwani nilichukua neno letu nikalivika la Kiswahili, nikalitoa mbele ya yule meneja bila wasiwasi. Yeye akakohoa.

"Kutembea. Na nani?"

"Peke yangu!"

Akasema nilipe kwanza. Nikalipa. Akanipa ufunguo wa chumba namba nne akiushika kwa ncha za vidole.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, ndoo na dirisha. Nilifunga mlango. Nikaufungua, nikaufunga tena, kwa sababu ulikuwa mlango unaofunga na hakuna aliyekuwa anaugonga kutoka chini kwa ngumi ndogo. Nikalala kitandani kwa mshazari, mchana kweupe, viatu chini, mkono huku, mguu kule. Nikaamka nikiwa na njaa, nikanunua nusu mkate na soda, nikarudi nikala juu ya kitanda na makombo yakamwagika nikayaacha. Unajua maana ya kula mkate wote hadi mwisho bila mkono mwingine kuingia? Nilikula polepole kwa makusudi. Nilikula kama mtu anayemkomoa mtu.

Asubuhi nikaenda gatini. Sikuwa najua njia, lakini mji ule umeinama kuelekea majini. Unaacha tu miguu ikupeleke chini. Langoni askari akanisimamisha.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta meli."

"Meli gani?"

"Zozote ulizonazo."

Akacheka, akaniambia nisimame kando ya ua, nisivuke reli. Na pale kando ya ua nikaona jambo ambalo hata leo nikilieleza nyumbani wanasema naongeza chumvi. Meli ilikuwa imegeuza makalio yake kwa gati, makalio yako wazi, na ndani yake kuna reli. Reli ya nchi kavu imeunganishwa na reli ya meli. Kichwa cha treni kikaja taratibu kinasukuma mabehewa, moja, jingine, jingine, na meli inayameza. Treni inapanda meli! Ile iliyotoka Nakuru huko kwa mume wangu imefika mwisho wa nchi, na badala ya kusimama inaendelea kwa maji. Kila behewa likiingia meli inazama kidogo na kunyanyuka, kama mtu anayemeza tonge kubwa. Nilipiga makofi. Wapakuzi wakageuka kunitazama, mwanamke mzima na gauni la kanisani, anapigia behewa la simenti makofi. Mmoja akaniinamia, kana kwamba makofi ni yake. Nikapiga tena.

Meli ya Kendu Bay ilikuwa ndogo kuliko hiyo, nyeupe, imefungwa upande wa pili. Nikauliza siku yake. Ilikuwa bado. Nikakata tiketi papo hapo, nikaifunga kwenye ncha ya leso.

Basi nilikuwa bado na siku zangu mbele, na nilizitumia zote. Niliingia duka la Wahindi la vitu vitamu nikaonyesha kidole kitu cha rangi ya machungwa kilichojipinda kama kamba, nikala nimesimama barabarani, sharubati ikinitiririka hadi kiwiko, na nikaulamba kiwiko. Nilisikiliza adhana ya mchana nimesimama kando ya duka la khanga, nikizishika zote, bila kununua hata moja, na mwenye duka akazikunjua zote kwa subira. Nilienda stesheni kuona watu wanavyoteremka, wenye usingizi, wenye magodoro. Nikawapungia wageni nisiowajua, na wengine wakanipungia, na mama mmoja akanikumbatia kabisa kabla ya kugundua kwamba mimi siye.

Siku ya mwisho kabla ya meli nikapanda Milimani. Huko ndiko wanakokaa wakubwa: miti mikubwa, ua uliokatwa sawasawa, magari yamelala ndani, na kila lango limeandikwa Mbwa Kali. Mimi nilisoma kila bango kwa sauti na kumwamkia kila mbwa. "Shikamoo, Mbwa Kali." Wengine walijibu kwa hasira. Bawabu mmoja akatoka.

"Mama, hapa wameshaandika yaya."

"Sitafuti kazi."

"Sasa unatafuta nini?"

"Natembea tu."

Akaangalia kushoto na kulia, akateremsha sauti. "Wacha nikuambie kama dada yangu. Hii mtaa iko ya wakubwa. Kama ni kutembea, tembea huko chini, kwa soko."

Nilifikiri anahurumia viatu vyangu. Nikamshukuru sana.

Njaa ilinirudisha ziwani, pale madereva wanapoosha malori na akina mama wanakaanga samaki chini ya mabati. Mmoja wao, mjane mkubwa mwenye mikono kama makasia, akanionyesha sinia. "Chagua, mama." Nikafunua shavu la ngege mmoja, nikamrudisha. Nikafunua la wa pili, nikamrudisha. Wa tatu nikampa.

"Yawa! Huyu ni mtu wa ziwa!" akapiga paja. "Wa wapi?"

"Usenge."

"Na umeolewa wapi?"

"Nyakach, karibu na Katito."

"Huko kwenye matope! Uwi, mtoto wa samaki kutupwa kwa ng'ombe!" Akanikaangia yule ngege mpaka mkia ukavunjika kama biskuti, na tukazungumza Kijaluo mpaka mafuta yakapoa. Alinisimulia habari za kila dereva aliyekuwa pale, na wao wakisikia.

Nikarudi loji nimeshiba, nimechomwa na jua, viatu mkononi. Chumba namba nne kilikuwa na kufuli ya pili juu ya ile yangu.

Nilishuka. Meneja alikuwa amesimama tayari, kalamu zote tatu mahali pake.

"Mama, hapa si mahali ya hiyo kazi."

"Kazi gani?"

"Si ulisema mwenyewe kwa mdomo yako? Umekuja kutembea."

"Ndiyo. Na nimetembea leo mpaka miguu imevimba!"

"Na unasema bila haya!"

"Haya ya nini? Juzi nilitembea gatini, leo nimepanda Milimani."

Macho yakamtoka. "Milimani! Kwa wakubwa?"

"Kwa wakubwa hasa. Lango moja baada ya lingine. Ni mbwa tu walionisumbua."

Meneja akashika meza. Kulikuwa na watu wawili watatu wanangoja funguo, na mmoja akacheka kwa pua. Kicheko kile ndicho kilichonifumbua. Nilisikia maneno yangu yakinirudia, moja moja, yakiwa yamevaa nguo nyingine. Kutembea. Peke yangu. Kwa wakubwa. Nikamkumbuka bawabu na huruma yake. Uso ukanichoma hadi masikioni, na baada ya hapo, nashukuru Mungu, nikakasirika.

"Unaniita malaya?"

"Mimi sijasema. Wewe ndiye umesema. Hapa ni loji ya watu wa heshima. Uje na bwana, ama barua ya chifu, ndio nitoe begi."

"Begi langu utalitoa sasa hivi."

"Uje na bwana."

Nyuma yangu mgeni wa chumba namba saba alikuwa amesimama na taulo begani, mtu mnene mpole, anatafuna kijiti. Nikamgeukia.

"Baba, samahani. Wewe umekuja Kisumu kufanya nini?"

"Mimi? Aah, nimekuja kutembea tu. Kuona mji kidogo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mke wako yuko wapi?"

"Ako nyumbani."

"Anafanya nini?"

"Hakuna. Anakaa tu."

Nilimwangalia meneja. Meneja akaangalia ukuta. Wale wanaongoja funguo walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, na hasira zangu zote, nilicheka pia. Lakini kufuli haikufunguka. Meneja alisema huyo ni mwanaume. Alisema kama mtu anayesema mbili na mbili ni nne.

Nikateremka tena kwa mama wa samaki, na mikono mitupu. Nilimweleza. Alicheka akalia akacheka, akanipa kiti.

"Mtoto wangu, nani alikufundisha Kiswahili? Hapa mjini mwanamke *hatembei*. Mwanamke analeta mgonjwa. Mwanamke anafuata maiti. Mwanamke anafuata mume wake aone kama ameoa mwingine. Hizo ndizo njia tatu. Kutembea ni ile ingine."

"Kwa hiyo niseme nini?"

"Rudi umwambie umeleta mtoto hospitali. Toa machozi kidogo. Atakufungulia na chai atakupa. Kesho unapanda meli yako, mambo yamekwisha."

Ilikuwa rahisi hivyo, na nilikataa. Kwanza, kwetu mtu hamtaji mtoto mzima kuwa mgonjwa. Ukimtaja unamwitia ugonjwa, na mimi watoto wangu watatu niliwaacha wakiwa na afya ya punda. Mama wa samaki mwenyewe, alipofikiria, akajitemea mate kifuani kuondoa neno lile. Pili, nilikuwa nimetoka nyumbani kwa sababu moja tu: nione kama mtu kama mimi anaweza kuuona mji kwa sababu anataka kuuona. Sasa nikiingia chumbani kwa mgonjwa wa uongo, ni nani atakuwa amekuja Kisumu? Ni mama wa mgonjwa. Mimi nitakuwa sijafika.

"Kichwa chako ni kama cha samaki mbuta," akasema yule mama. "Hakiingii kwenye sufuria." Akanichukua nikalala kwake Nyalenda, na asubuhi akaacha sinia zake kwa mwenzake, akafunga leso kiunoni, tukaenda wote ofisi inayotoa leseni za loji. Meli ilikuwa inaondoka siku hiyo hiyo, kabla ya jua la utosi.

Ofisa alikuwa mzee wa tai na sweta, mwenye chai mbele yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, bwanako anajua uko hapa?"

"Anajua."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nyumbani, anapika uji. Uwe moto, maana mdogo hapendi wa baridi."

Chai ikampalia. Alipomaliza kukohoa alikuwa mtu mwingine, mwenye adabu zaidi. Akamwita tarishi wake, akamwambia aende na sisi, na yule tarishi alikuwa na kofia ya kazi, na mbele ya kofia ile kufuli ya pili ilifunguka kama ilikuwa inangoja. Meneja alinikabidhi begi bila kunitazama. "Si ungesema tu uko na shida," akanung'unika. Nikamwambia shida yangu ni yeye.

Tulipofika barabarani mama wa samaki akanisukuma kuelekea ziwani. "Haya, kimbia! Meli!"

"Narudi ofisini."

"Kufanya nini? Si umepata begi?"

"Begi nimepata. Neno lake bado liko pale pale kwa meza yake."

"Yawa! Utaachwa!"

"Basi nitaachwa."

Sikutaka kuachwa. Nataka ieleweke: nilitaka ile meli kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na magoti yalikuwa yanataka kukimbia yenyewe. Lakini kesho mwanamke mwingine atapanda ngazi zile na begi lake, atasema neno lile lile, na yeye pengine hatakuwa na mtu anayemjua hapa mjini. Ofisa aliponiona tena akaweka kikombe chini.

"Malalamiko ni kwa maandishi, mama. Kiingereza ama Kiswahili?"

"Kiswahili. Ndicho alichonitukania."

Akanipa karatasi na kaboni. Barua rasmi nilikuwa nimefundishwa kidato cha pili, na mwalimu alisema wasichana hatutaihitaji sana. Niliandika nimesimama, mama wa samaki akichungulia begani na kunihimiza nifupishe, ofisa akijifanya hasomi. Honi ya kwanza ililia nikiwa katikati. Nikagonga karatasi mezani, nikachukua nakala yangu, na tulikimbia, mimi na begi, yeye na leso yake, tukiteremka mji mzima huku watu wakitupisha na kuuliza mwizi yuko wapi. Nilipita kwenye ubao wa kupandia wakati mabaharia wanashika kamba. Nilisimama kwenye ukingo nikihema na kucheka, nikimpungia yule mama aliyebaki gatini anaruka ruka kama msichana, na maji yakaingia kati yetu, membamba, halafu mapana. Kisumu ikaanza kurudi nyuma na mabati yake yote yanang'aa. Baharia akaja kuangalia tiketi.

"Mama, unaenda Kendu kufanya nini?"

Unajua nilimjibu nini. Akasema, "Vizuri. Upande huu ndio una upepo." Nikakaa upande huo, nikafungua nakala yangu nikaisoma tangu juu. Ninayo mpaka leo, na ilisema hivi:

*Kwa Ofisa wa Leseni.*

*Bwana,*

*MINTARAFU: KUTUKANWA NA KUFUNGIWA CHUMBA NILICHOLIPIA*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Nyakach. Nilikodi chumba namba nne katika loji iliyo nyuma ya maduka ya nguo na nikalipa kabla ya kupewa ufunguo. Meneja aliniuliza nimekuja kufanya nini nikamjibu kwamba nimekuja kutembea. Kwa jibu hilo alitia kufuli ya pili mlangoni, akazuia begi langu, na akaniambia mbele ya watu kwamba pale si mahali pa kazi hiyo.*

*Mgeni wa chumba namba saba aliulizwa swali hilo hilo mbele ya meneja akatoa jibu hilo hilo. Yeye hakutiwa kufuli. Nalalamika kwamba neno moja haliwezi kuwa matembezi kwenye mdomo wa mwanaume na uhuni kwenye mdomo wangu. Kutembea ni kitenzi. Hutumiwa na kila mwenye miguu.*

*Begi nimerudishiwa na tarishi wako, ahsante. Pesa ya usiku ambao sikulala pale, meneja akae nayo. Ninachoomba ni hiki: aitwe, aulizwe leseni yake inasema ni loji ya wageni au ni loji ya wageni na waume zao, na akishajibu, aambiwe kwamba mwanamke akija peke yake hadaiwi mgonjwa, hadaiwi maiti, wala hadaiwi barua ya chifu. Adaiwe kodi ya chumba. Naomba aambiwe kwa sauti, mbele ya wanaongoja funguo, kwa kuwa mimi nilitukanwa kwa sauti mbele yao.*

*Siwezi kungoja majibu leo. Yakipatikana, yatumwe kwa mama anayekaanga samaki pale malori yanapooshwa, yeye anajulikana.*

*Wako mwaminifu,*
*Mgeni wa chumba namba nne.*

*Samahani kwa mwandiko wa mistari ya mwisho. Meli inapiga honi.*